Siku tatu kwenye nchi ya tumbaku: Jamestown, Yorktown na Williamsburg kwa macho ya mtoto wa Urambo

Mimi ni mtoto wa mkulima wa tumbaku. Nilizaliwa Urambo, Tabora, ile Urambo ambayo Waingereza walikuja na mradi wao wa karanga baada ya vita kuu ya pili. Karanga zikakataa, tumbaku ikashika. Sasa naishi Maryland, nafanya kazi ya kuhudumia wazee, na binti yangu amezaliwa hukuhuku. Mwaka jana darasani walisoma habari za makoloni 13 yaliyokuja kuwa Marekani. Akarudi nyumbani na ramani aliyoipaka rangi tatu: kaskazini samaki na meli, katikati ngano, kusini tumbaku, mpunga na nili. Akaniuliza, "Baba, kwani tumbaku inaliwa?" Nilikaa kimya. Ada yangu yote ya sekondari ilitoka kwenye tumbaku, na mwanangu hajui kuwa ni jani. Siku hiyohiyo nikamwahidi kumpeleka Virginia.

Tumekwenda Agosti hii, siku tatu, mimi, mama yake na yeye. Kabla ya kwenda nilitafuta maoni ya mtu wa kwetu aliyewahi kufika, sikupata, ndiyo maana naandika haya.

Mwenye haraka nimpe jibu mapema: nenda. Ukiwa na siku moja tu, asubuhi iwe Yorktown shambani, mchana Williamsburg. Ukiwa na siku tatu kama sisi, anzia Jamestown ili mambo yafuatane. Miji hii mitatu imeunganishwa na barabara iitwayo Colonial Parkway, maili 23, bure, miti pande zote, na sehemu nyingine unaendesha mto uko pembeni yako. Ukifika Jamestown uwe makini, kuna sehemu mbili jirani zenye majina yanayokaribiana, na tiketi zake ni tofauti. Historic Jamestowne ndipo penyewe, kisiwani, walipoweka ngome Waingereza mwaka 1607, na mpaka leo kunachimbwa mabaki. Jamestown Settlement ni makumbusho: kuna ngome ya mfano, kijiji cha Wapowhatan, wenyeji wa asili wa pale, na meli tatu zilizoundwa kwa kufuata zile za kwanza. Mwanangu aliipenda meli. Mimi nilikaa zaidi kisiwani.

Kisiwani kuna mahali palipochimbwa kwa sababu ya mwanamke mmoja aitwaye Angela. Mwaka 1619 meli ya White Lion ilifika Point Comfort, kule Hampton ya leo, ikiwa na Waafrika 20 na kitu, walioporwa kutoka meli ya Wareno. Walikuwa watu wa Ndongo, Angola ya sasa. Angela aliletwa na meli nyingine iliyokuwa pamoja na hiyo, na katika hesabu ya watu ya mwaka 1625 ameandikwa kwenye nyumba ya nahodha William Peirce. Hayo ndiyo tunayoyajua juu yake: jina alilopewa, meli, na nyumba ya bwana. Kazini nina mwenzangu wa Luanda ambaye bibi yake aliongea Kimbundu, lugha ya watu wale wa Ndongo. Mtu wanamwita mutu. Tatu ni tatu, tano ni tanu. Nikamweleza binti yangu pale kwenye udongo uliochimbwa. Akaanza kuhesabu taratibu kwa Kiswahili, "moja, mbili, tatu," halafu akaniangalia. Nikamwambia hiyo ya mwisho Angela angeielewa.

Tumbaku yenyewe ilianzia hapo. Wenyeji walikuwa na tumbaku yao, lakini ilikuwa kali mno kwa Waingereza. Kwenye mwaka 1612 hivi, John Rolfe akajaribu mbegu kutoka visiwa vya Karibiani, ikakubali. Mwaka 1619 baraza lao la kwanza likapanga bei: shilingi 3 kwa ratili (karibu nusu kilo) ya daraja la kwanza, na peni 18, yaani nusu yake, kwa daraja la pili. Kila mtu akakimbilia kulima. Baada ya miaka kumi na kitu bei ilikuwa imeporomoka hadi karibu peni moja. Niliposoma yale madaraja mawili nilitabasamu na kuumia kwa pamoja, maana baba yangu amezeeka akibishana na madaraja ya tumbaku.

Yorktown ndiko ninakotaka kukaa zaidi, kwa sababu ndiko nilikopata thamani ya pesa yangu yote. Makumbusho ya American Revolution Museum yanahusu vita vya uhuru, na wengi huishia ndani kwenye mizinga na sinema. Tokeni nje. Kule nyuma kuna shamba la wakati wa vita hivyo: nyumba ndogo ya mbao, jiko la pembeni, makazi ya watumwa, bustani, na bani la tumbaku, yaani jengo la kukaushia majani. Nilipoiona tumbaku imesimama kwenye matuta, imenipita kiuno, miguu ilienda yenyewe.

Kulikuwa na mama mmoja mhudumu, amevaa gauni la kitani na kofia ya kitambaa. Nikamuuliza viwavi waliwatoa vipi. Hakujibu kwa mdomo. Aliinama, akageuza jani, akanionesha kiwavi wa kijani, mnene kama kidole changu, ana michirizi ubavuni na pembe mkiani. Akambana kwa vidole viwili. Akasema kazi hiyo ilifanywa jani kwa jani, msimu mzima, na wengine waliachia bata mzinga shambani ili wawadonoe viwavi. Binti yangu alipiga kelele akarudi nyuma. Mimi nikaomba ruhusa nimwoneshe mmea. Nikamwambia hapa juu ua linakatwa ili nguvu irudi kwenye majani, na haya machipukizi ya pembeni yanang'olewa kila yakitokeza. Haikupita dakika kumi vidole vyangu vikawa vinanata, kisha vikaanza kuwa vyeusi. Huo ulimbo ninaujua tangu nina miaka saba. Hautoki kwa sabuni ya kawaida.

Nikamweleza yule mama jambo ambalo halikuwa kwenye maelezo yake: tumbaku ikiwa na umande asubuhi, sumu yake inapenya kwenye ngozi. Sisi watoto tukivuna majani mabichi yakiwa yamelowa, tulikuwa tunapata kizunguzungu na kutapika, halafu tunapumzika chini ya mti na kurudi kazini. Alinisikiliza, akaniuliza maswali matatu au manne, akasema atalitumia. Huduma ya namna hiyo, ya mtu kukubali kufundishwa na mgeni, mimi naipa alama zote.

Halafu bani. Nililizunguka mara mbili nikitafuta tanuri. Halipo. Mbao za ukutani zina nafasi katikati, ndani kuna ngazi za fito mpaka juu, majani yananing'inia na upepo unapita. Wakati wa ukoloni walikausha kwa hewa tu, labda na moto mdogo hali ya hewa ikiwa ya unyevunyevu. Tumbaku yetu ya mvuke, ile ya njano inayokaushwa kwa joto la tanuri, historia yake ni ya baadaye: mwaka 1839, Caswell County, North Carolina, kijana mtumwa aitwaye Stephen alikuwa analinda moto wa bani, ukakaribia kuzima, akatia mkaa wa fundi chuma, joto likapanda ghafla na jani likatoka njano ya kung'aa. Kumbe yale mabani yote niliyoyalea kwa kuni usiku nikiwa mtoto yana mkono wa kijana huyo.

Ilikuwa saa tano asubuhi, yaani saa kumi na mbili jioni Urambo. Nikampigia mzee kwa video.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hilo nyuma yako ni bani?"

"Ndiyo baba. La Wamarekani wa zamani."

"Tanuri silioni."

"Hakuna tanuri. Wanakausha kwa hewa."

"Na kuni?"

"Hawatumii."

Alinyamaza. Miombo tuliyokuwa tunaikata umbali wa dakika kumi kutoka nyumbani, sasa vijana wanaifuata na trekta. Kisha akauliza ni nani aliyekuwa anatoa viwavi. Nikasema watumwa, na watoto wao. Akauliza kama walikuwa wanalipwa chochote mwisho wa msimu. Nikasema hapana. "Hata kidogo?" Hata kidogo, baba. Akaniambia, "Nioneshe nyumba yao." Nikaingia na simu kwenye yale makazi: chumba kimoja, sakafu ya udongo, chungu cha chuma, blanketi, unga wa mahindi. Posho ya kawaida ya mtu mzima ilikuwa kama kilo 6 za unga kwa wiki, mboga ujitafutie baada ya kazi. Mzee akaangalia muda mrefu. Binti yangu akashika simu akamwambia, "Babu, mimi nimeona kiwavi ana pembe," na mazungumzo yakahamia huko.

Williamsburg tulifika siku ya tatu. Ulikuwa mji mkuu wa Virginia kuanzia 1699 hadi 1780, kisha ukalala mpaka 1926 ulipoanza kukarabatiwa kwa pesa za John D. Rockefeller mdogo. Barabara yake kuu, Duke of Gloucester Street, unatembea bure. Tiketi ni ya kuingia ndani ya majengo na karakana. Nakushauri ulipe, kwa sababu mafundi wale ni mafundi kweli, wanaishi kwa kazi hiyo. Ukimuuliza mhunzi swali anakujibu huku chuma kiko motoni.

Nilikaa sana kwa fundi mapipa. Pipa la tumbaku lilikuwa na kimo cha futi 4, halina msumari wala gundi, mbao zimebanana kwa pete peke yake. Tumbaku ilishindiliwa humo kwa mti mrefu wa kukandamizia mpaka pipa likafikisha ratili 1,000, karibu kilo 450, nyingine zaidi. Halafu lililazwa, likaviringishwa barabarani mpaka bandarini. Huku kwetu Catonsville, Maryland, kuna Rolling Road, yaani Barabara ya Kuviringisha, napita kila siku kwenda kazini. Nilikuwa nadhani ni jina tu la mtu au kilima.

Mwaka 1730 Virginia ilipitisha sheria: kila pipa lipelekwe ghala la serikali, wakaguzi walifungue, tumbaku mbovu ichomwe moto palepale. Iliyopita, mkulima akapewa hati. Hati hizo zikawa pesa. Ulilipa nazo kodi, deni la dukani, hata mshahara wa kasisi uliandikwa ratili 16,000 za tumbaku kwa mwaka. Mwaka 1758 ukame uliharibu mavuno, bei ikapanda, baraza likaruhusu madeni yalipwe kwa kiwango cha peni 2 kwa ratili, makasisi wakapinga mpaka mahakamani.

Yeyote aliyewahi kusimama kwenye godauni la chama cha msingi cha ushirika siku ya soko anajua ninachosema. Mteuzi anapita, anavuta jani kutoka kwenye robota, analishika, analinusa, anaandika daraja, anasogea. Mwaka mzima wa familia unaamuliwa kwa sekunde thelathini na mtu asiyekujua jina. Baba alikuwa anavua kofia mteuzi akikaribia robota letu. Sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Tena kuna makato. Kwetu pembejeo unapewa kwa mkopo, mbolea na dawa, na zinakatwa kwenye mauzo. Virginia ilikuwa hivyohivyo. Mawakala wa matajiri wa Glasgow walifungua maduka ndani ndani ya nchi, wakakopesha nguo, jembe, chumvi na sukari kwa dhamana ya tumbaku ambayo bado iko kitaluni. Wakulima wakubwa walipeleka tumbaku London kwa tajiri wa kuwauzia, na tajiri huyohuyo akawanunulia samani. George Washington mwenyewe alizama kwenye deni la namna hiyo, na katikati ya miaka ya 1760 akaacha tumbaku akahamia ngano. Pale Williamsburg bado limesimama duka la Prentis, la mwaka 1740. Lilinusurika kubomolewa kwa kuwa karne ya 20 lilikuwa limegeuzwa kituo cha mafuta. Hapo mlangoni binti yangu alitoa ramani yake ya rangi tatu. Nikamsaidia kuchora mistari: samaki wa chumvi wa New England, wale wa daraja la chini, walipelekwa visiwa vya Karibiani kulisha watumwa wa mashamba ya miwa, na shira ya miwa ikarudi kaskazini kutengenezwa pombe. Unga wa Philadelphia nao ulikwenda hukohuko. Mpunga wa Carolina ulitwangwa kwa kinu na mchi na kupepetwa kwa ungo, na watu waliotoka Afrika kwenye nchi za mpunga. Ramani ikachafuka mistari, naye akafurahi.

Sasa niseme jinsi wanavyoeleza utumwa, kwa sababu mzazi Mwafrika hilo ndilo atakaloniuliza kwanza. Hawafichi. Zaidi ya nusu ya watu wa mji huo kabla ya uhuru walikuwa weusi, na unaambiwa hivyo. Unaambiwa kuwa kwenye ngazi za Raleigh Tavern, nyumba ya wageni ya wakati huo, watu walipigwa mnada. Kwenye nyumba ya Peyton Randolph, mkubwa wa baraza, unaambiwa walikuwepo watumwa 27, na mmoja wao, Eve, alitoroka kwenda kwa Waingereza baada ya gavana Dunmore kutangaza mwaka 1775 uhuru kwa watumwa wa waasi watakaojiunga na jeshi lake. Alirudishwa, na mjane wa Randolph akamuuza. Mke wangu alitoka nje hapo akakaa kwenye benchi. Tulikaa naye bila kuongea.

Nalisifu hilo kwa sababu njiani tulipita kwenye jumba moja la shamba kubwa, sitalitaja, ambako mwongoza wageni alitutembeza karibu saa nzima akieleza vitasa vya milango na vyombo vya kauri. Nilipouliza waliolima walilala wapi, akajibu kuwa "wafanyakazi" walikuwa nyuma, kisha akaendelea na zulia. Tumelipa pesa pale. Kabla hujalipa mahali kama hapo, piga simu, uliza kama ziara inaonesha makazi ya watumwa. Wakisitasita, pita.

Furaha ya mwanangu ilikuwa kiwanda cha matofali. Majira ya joto wanawaruhusu watoto kuvua viatu na kukanyaga udongo kwenye shimo. Alikanyaga nusu saa. Fundi akajaza udongo kwenye kalibu ya mbao, akaupiga, akakwangua juu, akampa abebe tofali bichi mpaka kwenye mchanga wa kukaushia. Nilikaa pembeni namtazama mtoto wa Maryland akifanya kazi niliyoifanya tukijenga darasa la nne la shule yetu ya msingi. Matofali yanachomwa msimu wa vuli, kwenye tanuri la kuni.

Usiondoke bila kuona nyumba ya Bray School. Shule hiyo ilidumu kuanzia 1760 hadi 1774, na miaka yake ya mwanzo watoto weusi, wengi wao watumwa, walifundishwa kusoma humo na mwalimu Ann Wager. Walifundishwa pia kutii mabwana, na hilo nalo linasemwa. Jengo lilikuwa limesahaulika ndani ya eneo la chuo jirani, likahamishwa zima kwa lori mwaka 2023.

Mambo madogo. Agosti ni joto la Dar, na vivuli si vingi, bebeni maji na kofia. Jikoni wanapika vyakula vya zamani vinanukia vizuri, lakini ni vya kuonesha, wageni hawaonji, kwa hiyo usimwahidi mtoto. Sisi tulibeba chapati na kuku wa kukaanga, tukala kivulini nje ya mji wa kale. Hoteli tuliyolala kando ya barabara kuu ilikuwa na kiyoyozi kibovu na haikuturudishia chochote. Chagueni kwa kusoma maoni ya karibuni. Viatu viwe vya kutembea kweli.

Jumapili jioni mzee alinipigia mwenyewe. Anataka kujua nafasi kati ya ubao na ubao kwenye lile bani ni vidole vingapi, na paa limeinama kiasi gani, kwa sababu ana mbao za zamani na anataka kujaribu kukausha kwa hewa bani moja msimu ujao. Sikupima. Tumekata tiketi ya mwaka, Oktoba tunarudi wakati wa kuchoma matofali, na safari hii naenda na futi kamba.